Roboti imekataa kutembea, sasa ndo somo linaanza

FUNDI: Haya jamani karibuni tena, leo tupo mimi na Ticha kama kawaida, na mjue tu kabla hata hatujawasha maiki tulishaanza kubishana.

TICHA: Si umesema kitu ambacho wenzangu wakikusikia watakukimbiza. Hebu rudia.

FUNDI: Nimesema hivi, darasa la roboti halitakiwi kuanza na roboti. Anza na betri, waya, taa ya LED na rezista, kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme. Basi. Hakuna bodi ya kuandikia programu, hakuna kompyuta.

TICHA: Na mimi nasema watoto wamekuja kwa ajili ya roboti! Ukiwapa taa moja inawaka tu pale, wiki ijayo nusu yao wapo uwanjani wanacheza mpira.

FUNDI: Sawa ila hiyo taa moja ina mambo. Una betri ya volti 9, LED nyekundu inachukua kama volti 2, zinabaki 7, hizo 7 lazima zibebwe na rezista. Unataka mkondo wa kama miliampea 15, unagawa 7 kwa 0.015 unapata kama omu 467, unaingia kwenye boksi unatoa ya 470. Hapo mtoto katumia kanuni ya Ohm, volti ukigawa kwa mkondo unapata ukinzani, ileile ya tangu 1827, na taa imewaka mbele yake. Alafu mwambie aweke ya omu 10,000 aone inavyofifia. Kashaelewa ukinzani na mimi sijaleta ule mfano wa kufananisha umeme na maji kwenye bomba.

TICHA: Mfano wa bomba umekukosea nini tena?

FUNDI: Bomba ukilikata maji yanamwagika, waya ukiukata umeme unasimama. Mtoto mjanja anakuuliza hilo swali unabaki unakodoa macho.

TICHA: Haha, haya. Ila kuna njia ya katikati bwana. Chukua ile rezista inayobadilika kwa mwanga, LDR, weka na rezista, LED na transista moja, yaani swichi inayofunguliwa na umeme kidogo, unapata taa inayojiwasha yenyewe gizani. Giza likiingia ukinzani wa LDR unapanda, volti kwenye besi, ule mguu wa transista wa kuifungulia, nazo zinapanda, zikifika kama 0.7 hivi transista inafunguka na taa inawaka. Hakuna programu hapo lakini tayari kitu kinahisi alafu kinatenda, na watoto wanapenda kweli, wanakaa wanaziba na kidole wanaachia, wanaziba wanaachia.

FUNDI: Hiyo nakubali, hiyo safi.

TICHA: Na usizidharau bodi. Arduino ilianzia Ivrea kule Italia mwaka 2005, ikalengwa kwa wanafunzi wa usanifu, watu ambao hata sio mainjinia. Micro:bit nayo mwaka 2016 ikagawiwa bure kwa wanafunzi Uingereza, wengi tu wa miaka 11 na 12. Yaani zimetengenezwa ili mtu aanze bila kujua kitu, alafu wewe unataka kwanza ajue ndo aguse!

FUNDI: Siogopi bodi, naogopa boksi la seti. Lile unalofungua unakuta kila kitu kimeshapangwa, waya zina namba, programu ishaandikwa, mtoto anakaza skrubu, anabonyeza, inatembea, makofi. Muulize sasa ile inatembeaje. Kimya.

TICHA: Hapo tupo pamoja. Kwangu roboti inayotembea mara ya kwanza ni hasara, maana somo lenyewe liko kwenye ile isiyotembea.

FUNDI: Ehee, hebu waeleze ile ya betri.

TICHA: Hii itatokea kwenye kila darasa, nakuapia. Watoto wameunga mota mbili, bodi, dereva ya mota, yaani kile kifaa kinachopokea amri ya bodi na kuipa mota umeme wa betri, na juu yake wameweka betri ya volti 9, ile ya mraba, kwa sababu ni ndogo na namba yake kubwa. Wanawasha, tairi zinashtuka kidogo, bodi inazima, inawaka, zinashtuka tena, inazima. Wote wanakimbilia programu, wanafuta wanaandika upya, na programu haina kosa lolote.

FUNDI: Na wakiipima hiyo betri na mita?

TICHA: Inasoma 9 vizuri kabisa! Ndo inavyowachanganya, maana wameipima imepumzika. Waambie wapime mota zikiwa zinavuta, hapo wanaona namba inaporomoka mbele ya macho yao. Ile betri ndani ina seli sita ndogo za volti 1.5 zimepangwa mstari, ndogo sana, ukinzani wake wa ndani mkubwa, na mota wakati wa kuanza inavuta mkondo mwingi mno, kwahiyo volti zinaanguka mpaka bodi inakosa za kwake inajizima. Weka betri nne za AA, jumla volti 6, namba ndogo kuliko 9 na roboti inaondoka! Mtoto akiona hivyo hachanganyi tena volti na uwezo wa kutoa mkondo.

FUNDI: Ndo maana pia mota haiungwi moja kwa moja kwenye pini, ile miguu ya bodi ya kutolea amri. Pini ya Arduino Uno R3 salama yake ni kama miliampea 20, inatosha LED, mota inataka mara nyingi zaidi ya hapo. Alafu ukitumia betri mbili, moja ya bodi na moja ya mota, unganisha hasi zao, wengi wanasahau hiyo wanashangaa dereva haisikii amri.

TICHA: Na ikizunguka tu palepale badala ya kwenda mbele, mota moja inarudi nyuma, geuza waya zake mbili, imeisha. Mimi nikimuona mtoto kaligundua hilo mwenyewe sisemi kitu, natembea zangu.

FUNDI: Sensa je? Mimi napenda ile ya kupima umbali kwa sauti, HC-SR04.

TICHA: Nzuri kwa hesabu. Inatuma sauti ya kilohezi 40, inasubiri mwangwi, sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, unazidisha na muda alafu unagawa kwa mbili kwa sababu imeenda na kurudi. Waweke rula waone kama inasema kweli. Alafu waielekeze kwenye pazia, au ukutani lakini kwa upande, waone inavyodanganya. Kitambaa kinameza sauti, ukuta ulioinama unaipeleka kwingine. Kwahiyo roboti inagonga pazia na programu iko sawa tena!

FUNDI: Swali la mwisho, kikundi kiwe na watu wangapi?

TICHA: Wawili. Wakiwa wanne mmoja anashika bisibisi, mmoja kompyuta, wawili wanashika simu. Vifaa vikibana sana basi watatu, na anayejua programu kuliko wenzake ndo umpe waya.

FUNDI: Atanuna.

TICHA: Anune, ila aunge. Na kulehemu kusubiri, miezi ya mwanzo ile bodi nyeupe ya vitundu inatosha, kosa unalichomoa tu. Wakianza kulehemu ni miwani machoni, dirisha wazi, na kunawa mikono baadaye, hasa kama ule waya wa kulehemia una madini ya risasi kweli.

FUNDI: Haya, kipindi kijacho tunaingia kwenye roboti inayofuata mstari mweusi, na kwanini jua la dirishani linaichanganya. Mje na multimita zenu, zile mita za kupimia volti.