Vidonge Nilivyowaandikia Watu, Nikaja Kuvimeza Mwenyewe

(Mhadhara uliotolewa barazani Langoni, Lamu, baada ya sala ya isha)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, nashika miguu. Vijana, marahaba. Mliokaa kule mlangoni sogeeni, sauti yangu si ile ya zamani.

Mimi mwanijua. Nimekuwa tabibu miaka thelathini na kitu, na wengi wenu hapa nimewachoma sindano mkilia. Dawa za moyo nimewaandikia watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mtu akirudi akasema, "Tabibu, hivi vidonge vyanichosha," mimi namjibu, "Meza tu, utazoea." Leo naanza kwa kuomba radhi kwa jibu lile. Mwaka juzi nilishikwa na mshtuko wa moyo, nikavushwa Mokowe, nikapitishwa Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, nikawekewa stenti mbili. Nikarudi na kifuko cha dawa aina saba. Haya, zoea sasa.

Stenti ni kibomba cha waya mwembamba, kimesukwa kama dema, ule mtego wa samaki. Hupitishwa kwenye mshipa wa mkono, hapa penye kifundo, kikiwa kimekunjwa juu ya puto. Puto likijazwa, kinatanuka na kuushikilia mshipa wa moyo usijifunge tena. Kazi hii ya puto ilianza Zurich, Uswisi, mwaka 1977, kwa daktari Andreas Grüntzig, na stenti za mwanzo kwenye moyo wa binadamu ziliwekwa mwaka 1986. Basi hilo dema linabaki humo, na damu ikikuta chuma kigeni hutaka kugandia. Ndiyo sababu unapewa aspirini pamoja na mwenzake, klopidogreli au tikagrelo. Aliyepata mshtuko wa moyo kwa kawaida humeza vyote viwili mwaka mzima, aliyewekewa bila mshtuko mara nyingi miezi sita, na daktari aweza kupunguza au kuongeza. Mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Ukiacha wakati huo, stenti yaweza kuziba ghafla, na kutoka hapa hadi penye mashine ya kuizibua ni bahari na karibu siku nzima ya barabara.

Hayo yote nayajua. Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Siku ya tisa baada ya kurudi, usiku, niko darini kwenye kitanda cha kamba, upepo umelala. Pumzi ikakatika. Si maumivu, si kubanwa, ni ile hali ya kuvuta hewa na kuona haijatosha, unashusha pumzi ndefu kisha unataka nyingine. Mama watoto akaamka, akanipepea kwa upepeo. Nikajiambia, stenti imeziba. Baadaye nikatulia, nikajiambia, la, ni hiki kidonge cha tikagrelo, kwani kinajulikana kwa jambo hili. Asubuhi sikukimeza. Jioni sikukimeza. Tabibu wa miaka thelathini! Laiti mgonjwa wangu angefanya hivyo ningemfokea mbele ya mkewe.

Mke wangu ndiye aliyehesabu vidonge akakuta viwili vimezidi. Hakunisemesha, alivaa buibui, akaita mashua. Hospitali nikapimwa moyo kwa mashine, nikapigwa picha ya kifua, yote sawa. Daktari wangu kwa simu akanieleza nilichokijua na kukisahau: katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa zaidi ya 18,000, karibu 14 katika kila 100 waliotumia tikagrelo walisema pumzi inawasumbua, na wa klopidogreli karibu 8. Wengi huwajia siku za mwanzo, ikapungua yenyewe. Isipopungua, daktari hukubadilishia, na ana utaratibu wake wa kuanza kile kipya ili usibaki hata siku moja bila kinga. Mimi nilivumilia wiki tatu, ikaisha. Lakini pumzi ikikatika usijipime mwenyewe darini kama mimi. Hasa ukiwa huwezi kulala chali, au miguu inavimba, au kifua kinauma, hiyo si ya kidonge, ni ya mashua na hospitali usiku huo huo.

Damu nayo. Utaona alama za bluu mkononi hujui ulijigonga wapi. Mswaki utatoka mwekundu. Ukijikata kisu ukiparuza samaki, bana kwa kitambaa dakika kumi ukitazama saa, usifunue kila mara kuchungulia. Hayo ni madogo. Makubwa ni choo cheusi kama lami chenye harufu kali, kutapika damu, au kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Hapo hungojei asubuhi. Na kuumikwa, hiyo hijama, naijua ni sunna na nimeumikwa mara nyingi, lakini ukiwa kwenye vidonge hivi viwili iache kwanza. Zile chale hazitafunga. Jino likitaka kung'olewa, mwambie daktari wa meno unameza nini, usiache dawa ili umrahisishie kazi.

Kiungulia kina dawa yake ya kulinda tumbo. Ukiwa kwenye klopidogreli uliza kama waweza kupewa pantoprazoli badala ya omeprazoli, maana omeprazoli huizuia klopidogreli isiamshwe vizuri ndani ya ini ipate kufanya kazi yake. Omeprazoli ndiyo imejaa madukani, basi yataka kuuliza.

Sasa ile ya mafuta ya damu, atovastatini. Hii ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Misuli inauma, mgongo unauma, goti lililouma tangu enzi za Moi, yote ni ya kidonge! Kuna wachache inawaumiza misuli kweli, na mkojo ukiwa rangi ya kahawa tungu huku miguu imelegea, nenda hospitali mbio. Lakini sikilizeni kisa cha London, kilichapishwa mwaka 2020. Walichukuliwa watu 60 walioacha dawa hii kwa sababu ya maumivu. Kila mmoja akapewa chupa 12 za miezi 12: nne zina dawa, nne zina vidonge vitupu visivyo na dawa, nne hazina kitu kabisa. Miezi ya chupa zisizo na kitu, hali nzuri. Miezi ya dawa, maumivu. Na miezi ya vidonge vitupu? Maumivu karibu yale yale, sehemu tisa kwa kumi. Sisemi walikuwa waongo. Maumivu waliyasikia, ila yaliletwa na kule kumeza kwa hofu. Nusu yao baada ya kuona hesabu zao wenyewe walirudia dawa. Mimi nilipoanza kuumwa mapaja nilikikumbuka kisa hiki, nikacheka, nikaendelea kuumwa, kisha nikasahau kuumwa. Na wenye mabalungi uani, msiyale kwa wingi na dawa hii, huifanya izidi mwilini.

Kikohozi. Jirani yangu mmoja alikohoa miezi minne, kikavu, mpaka akaacha kwenda darsa. Alipimwa kifua kikuu mara tatu. Alikunywa tangawizi na asali mpaka nyuki wakamjua. Hakuna aliyemuuliza anameza nini, mpaka mjukuu wake akaleta kifuko. Humo mna enalaprili. Dawa nzuri sana kwa moyo, lakini baadhi ya watu huwakohoza hivyo hivyo. Akabadilishiwa losatani, na baada ya wiki chache kikohozi kikakoma. Ila enalaprili ikikuvimbisha midomo au ulimi, hiyo si ya kungoja wiki. Kimbia, na usiimeze tena.

Wanaume wenzangu, hili nitalisema haraka maana wake zetu wako nyuma ya pazia. Dawa ya kutuliza mapigo, bisoprololi na jamaa zake, yaweza kukupunguzia nguvu, ikakuchosha, ikakuletea ndoto za ajabu. Usiikate ghafla, moyo hushtuka. Mwambie daktari, haya au si haya. Lakini mwenye kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, hapaswi kabisa kuchanganya na sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume; presha huporomoka hata kufa. Na zile unga na asali "za asili" zinazouzwa bila jina, nyingine zimekutwa zimetiwa sildenafili hiyo hiyo.

Swali la Sharifu nimelisikia, la kumeza dawa ukiwa umefunga Ramadhani. Kidonge cha mara moja kinasogea futari. Cha mara mbili kinakwenda futari na daku. Lakini aliyewekewa stenti karibuni aende kwa daktari Shaaban haijaisha, na akiambiwa ale, ale, ruhusa hiyo imo kitabuni. Na nunueni dawa zikibaki za wiki mbili. Bahari ikichafuka au barabara ikikatika, kidonge hakiji kwa kuogelea.

Naam, Bi mkubwa? Leteni kifuko chake hapa kwenye taa. Aspirini, hii. Klopidogreli, hii. Hii ya mafuta. Na hiki cha karatasi, kisicho na jina... Ni cha goti? Ulipewa dukani? Hiki naona ni diklofenaki, Bi. Ukitia pamoja na hivi viwili, tumbo laweza kutoka damu, na moyo wenyewe haukipendi. Goti likiuma leo usiku, meza paracetamoli. Hiki niachie mimi, na kesho asubuhi nije kwako na kile chombo changu cha presha, tuandike kila kimoja kwa herufi kubwa, na mjukuu awepo.