Wapagazi wengi, ubao mwembamba
Mhadhara kwa mafundi kompyuta na vijana wa studio, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za mchana. Naomba hiyo feni ya nyuma izimwe kidogo, inanimeza sauti. Ahsante.

Nimekuja na kadi mbili za grafiki, vile vibao vya kompyuta vinavyochora picha kwenye skrini. Zipitisheni mkono kwa mkono, ila msiguse hayo meno ya dhahabu chini. Zote mbili ni GT 1030. Zote zina viini 384, yaani vitengo vidogo vya kukokotoa, zote zina GB 2 za kumbukumbu. Moja niliinunua kwa muuzaji mmoja Dar, ikapanda basi mpaka hapa, nikaifunga kwenye kompyuta ya mteja wangu wa Ujiji aliyetaka mwanawe acheze gemu la mpira. Kesho yake karudi: "Fundi, wachezaji wanakimbia kama wamevaa gambuti." Nikabadilisha draiva mara tatu. Nikailaumu ramu, nikaulaumu umeme. Umeme wetu huwa mwepesi kulaumiwa.

Jioni nikaazima kadi ya pili kwa rafiki, nikaichomeka palepale, gemu likateleza. Ndipo nikafungua kiprogramu cha bure kiitwacho GPU-Z nikasoma mstari ambao sikuwahi kuujali: aina ya kumbukumbu. Ya rafiki, GDDR5. Yangu, DDR4. Toleo la kwanza, la GDDR5, lilitoka 2017. Mwaka uliofuata likaja hili lenye kumbukumbu ya polepole, jina halikuguswa.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu wengi wenu mnapima kadi kwa teraflopu, yaani hesabu trilioni ngapi kwa sekunde, na mnadhani kuna mtu kiwandani kaipima kwa mashine. Hakuna. Ni kuzidisha tu. Chukua idadi ya viini, zidisha kwa mbili, kwa kuwa kila kiini hufanya kuzidisha na kujumlisha kwa pigo moja, kisha zidisha kwa mapigo ya sekunde moja. Ile nzuri: 384 mara 2 mara megahezi 1468, yaani mapigo milioni 1468 kwa sekunde, unapata teraflopu 1.13. Ile yangu ina megahezi 1379, inatoa 1.06. Tofauti haifiki hata asilimia saba. Ukiishia hapo unanunua yoyote. Lakini angalia mwendo wa kumbukumbu: ile nzuri inapitisha GB 48 kwa sekunde, yangu GB 16.8. Theluthi tu! Na kwenye gemu nyingi hii yangu huanguka karibu nusu.

Nendeni Kibirizi asubuhi boti za Kagunga zikifika. Wachukuzi wako thelathini, wana nguvu, wanakimbia. Hiyo ndiyo teraflopu: watu wangapi, wanakimbia kasi gani. Lakini kati ya boti na nchi kavu pana ubao mmoja, na mtu mwenye gunia la dagaa kichwani hapishani na mwenzake juu yake. Ishirini na tano wamesimama majini hadi magotini wanasubiri, na mwenye mzigo bado anawahesabia thelathini. Upana wa ubao ndio zile biti mnazoziona kwenye karatasi ya sifa za kadi: 64, 128, 192, 256. Zidisha biti kwa kasi ya kumbukumbu, ile ya gigabiti kwa sekunde, gawa kwa nane, unapata GB kwa sekunde. Hesabu hiyo inatosha kufanyika kwenye simu mbele ya muuzaji, na nawashauri mfanye hivyo akiwa anawaangalia.

Ubao haumalizi habari, lakini. Kadi ya Nvidia iitwayo RTX 3060 ya GB 12 ina biti 192 na inapitisha GB 360 kwa sekunde. Mdogo wake RTX 4060 ana biti 128, GB 272. Amepunguziwa ubao, na bado kwenye gemu nyingi anamshinda kaka. Kisa? Wameweka ghala dogo ndani ya chipu yenyewe: MB 24, wakati 3060 ina 3 tu. Ni sawa na kurundika magunia kwenye turubai pale ufukweni, ili mchukuzi asirudi kwenye boti kila safari. Na umeme: 4060 inakula wati 115, 3060 wati 170. Kwa anayeendesha studio kwa jenereta, wati 55 si habari ndogo.

Mtego mwingine ni kulinganisha vizazi. RTX 2060 ina teraflopu 6.45; RTX 3060 ina 12.7. Karibu mara mbili, sivyo? Kwenye gemu hupati hata nusu ya nyongeza hiyo. Kwenye kizazi cha 3060, nusu ya viini hutumika kwa kazi mbili: hesabu za desimali au hesabu za namba kamili. Vikishika moja, nyingine inasubiri. Karatasi inavihesabu vyote kana kwamba vinafanya desimali kutwa nzima. Au chukueni Vega 64 ya AMD, mshindani wa Nvidia, teraflopu 12.7, mkaiweke na GTX 1080 ya Nvidia yenye 8.9. Kwenye gemu za wakati wao walikuwa wakikimbizana bega kwa bega, Vega akila wati 295 na mwenzake 180. Kwa hiyo mimi teraflopu naziamini ndani ya ukoo mmoja tu, yaani kampuni moja na kizazi kimoja. Ukivuka ukoo, tafuta majaribio ya gemu au programu unayotumia wewe.

Dada yangu wa video za harusi aliuliza kabla hatujaanza: yeye achukue ipi? Dada, kwako naanza na kitu ambacho teraflopu hazikitaji kabisa: je, kadi ina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la kumpa mteja? GT 1030 haina. RX 6500 XT ya AMD, yenye teraflopu zaidi ya tano, nayo haina. Utakuwa na kadi, na video ya harusi itasimbwa na prosesa, usiku kucha. Pili, kama unahariri 4K, GB 12 za 3060 zitakusaidia kuliko GB 8 za 4060, hata kama karatasi inasema 4060 ina teraflopu 15.

Tatu, mazabodi yako, ile bodi kuu ya kompyuta. Wengi tunatumia mashine zilizostaafu ofisini, zenye PCIe, ule mlango wa kadi kuongea na kompyuta, toleo la 3. Kadi ya 4060 imetengenezewa toleo la 4 na inatumia njia nane tu za mlango huo, kwa hiyo kwenye mazabodi hiyo inabaki na nusu ya mlango wake. 3060 ina njia kumi na sita. Halafu fungua kava uangalie pawa saplai kabla hujalipa hata shilingi: sloti yenyewe inatoa wati 75 basi, na mashine nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kadi. Kama waya haupo, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme, ambayo inaishi kwa hizo 75.

Haya, nirudishieni kadi zangu. Mzee, hiyo uliyoshika ni GDDR5 au ile ya gambuti? Usigeuze, hamna maandishi nyuma. Itabidi twende nazo dukani tukazichomeke.