Kamera ya nyuma kwenye pikapu kuukuu: kesi ya athi

Ndugu mafundi, mada niliyopewa ni kufunga kamera ya nyuma kwenye pikapu kuukuu. Kila aliyekaa hapa anajua plagi ya njano ya video inachomekwa wapi na waya mwekundu unatafuta nini, kwa hiyo hapo nitapita mbio. Nitakaa kwenye waya mweusi, yaani athi: njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Naona waliokwisha kunisikia wameanza kuguna. Gunini tu. Siku mtakayoacha kufunga athi kwa skrubu ya bati, nami nitanyamaza.

Tuchukue Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, volti 12. Kamera yenyewe haifikishi hata amp 0.2. Fundi anaona kazi ndogo: chanya anachukua kwenye taa ya rivasi, hasi anaibana kwenye skrubu ya karibu pale kwenye bodi, anavuta waya wa video hadi kwenye redio, picha inatoka, mteja analipa. Sasa tuangalie alichokifunga.

Kebini imekalia mipira. Injini imekalia mipira. Bodi ya nyuma imeshikwa na bolti juu ya chasisi, na katikati yake kuna rangi, tope na kutu la miaka thelathini. Taa za nyuma zinarudisha umeme kwa ule waya wa Toyota mweupe wenye mstari mweusi, mpaka kwenye bolti iliyolikwa na chumvi kama gari limekaa pwani. Au bodi ya kiwandani ilishatolewa, ikachomelewa nyingine mtaani, na taa zikaungwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Kwenye kamera nyingi tunazofunga, hasi ya umeme na ganda la waya wa video ni kitu kimoja ndani. Ganda hilo, zile nyuzi nyembamba zinazozunguka waya wa kati, huko mbele limeungwa na hasi ya redio. Kwa hiyo ukishabana hasi ya kamera kwenye bodi, umetengeneza barabara ya pili ya athi kutoka nyuma ya gari hadi mbele, na barabara hiyo inapita ndani ya skrini ya mteja.

Hesabu sasa mzigo wa nyuma. Usiku, dereva ameweka rivasi na mguu uko kwenye breki, yaani wakati uleule anapoihitaji kamera. Breki wati 42, rivasi 42, taa ndogo 10, taa ya namba 5. Jumla wati 99, amp 8 na ushei. Athi ya taa ikiwa nzima, zote zinarudi kwa njia yake. Athi ikichoka, umeme hauna aibu: ukiufungia mlango unapita dirishani. Amp hizo zinaingia kwenye ganda la waya wa video, nyuzi ambazo hazikutengenezwa kubeba hata amp 1. Waya unapata moto chini ya zulia, plagi ya njano inalainika, na njia ndogo ya shaba kwenye ubao wa redio inakatika. Mteja anarudi na kusema kamera ni feki. Kamera haina kosa.

Kabla haijafika huko, gari huwa limeshasema. Picha inacheza kila indiketa inapowaka. Mistari myeusi inapanda dereva akikanyaga breki. Taa ya rivasi inawaka kwa mbali hali gia iko nyutro. Ukiona hayo usibadilishe kamera.

Najua kuna atakayesema: mimi nilipima athi, mita ikalia piii. Mita kulia si kipimo, jamani! Mita nyingi zinalia hata ukinzani ukiwa ohm 30, na zinapima kwa umeme mdogo mno, ambao uzi mmoja wa shaba unaupitisha bila taabu. Kinachotusumbua hapa ni ohm 0.1. Kwa amp 8, ohm 0.1 inakula volti 0.8. Hiyo ohm 0.1 mita yako haiwezi kuiona, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina kiasi hicho au zaidi.

Kinachopimwa ni volti inayopotea, na kinapimwa mzigo ukiwa unafanya kazi. Mita weka volti za DC, skeli ya 2. Ncha nyeusi iwe kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si teminali inayoibana. Nyekundu uirefushe kwa waya wa mita sita, ufike kwenye athi ya taa ya nyuma. Washa taa, weka rivasi, mtu akanyage breki, ndipo usome. Chini ya volti 0.1, endelea na kazi. Kati ya 0.1 na 0.2, safisha. Ikizidi hapo usifunge kamera kwanza, hata kama mteja amesimama na funguo mkononi anaangalia saa.

Kutengeneza ni kazi ya nusu saa. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye athi ya taa hadi kwenye chasisi, teminali ya duara iliyobanwa kwa koleo lake na si kwa meno. Bolti ya chasisi kwangua mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, halafu ndipo upake rangi au grisi kwa juu. Juu ya kiungo, si chini yake! Kisha ingia chini utafute mkanda wa athi kati ya injini na chasisi. Pikapu iliyowahi kubadilishwa injini mara nyingi haina mkanda huo. Ulifunguliwa wakati wa kushusha injini, haukurudishwa, na gari likaendelea kuwaka kwa kujitafutia njia nyingine.

Mwingine ataniuliza: mbona magari mengi yamefungwa kwa skrubu ya bodi na yanakwenda mwaka wa tatu? Yanakwenda kwa sababu athi ya taa bado inafanya kazi. Umeweka bomu likisubiri kutu, basi.

Kwa hiyo mimi nasema: kamera isiguse bodi kabisa. Nyaya zake zote zitoke mbele. Hasi yake iungwe pamoja na hasi ya redio, nukta moja. Chanya ichukuliwe mbele pia, kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya rivasi ya giaboksi kwenda kwenye taa, ambao utaupata kwenye fungu la nyaya bila kutambaa hadi nyuma. Utafute kwa testa: swichi ya gari iwe imewashwa, injini imezimwa, gia ya rivasi waya una umeme, ukitoa gia umeme unakatika. Rangi za waya msiziamini, gari la umri huu limepita mikono mingi. Kwenye waya huohuo unga ule wa redio unaoigeuza skrini ionyeshe kamera. Waya wa kamera wa milimita za mraba 0.75 unatosha: kwenda na kurudi mita 14 unapoteza kama volti 0.07. Fyuzi ya amp 2, karibu na pale ulipochukua umeme. Ukiiacha fyuzi, shoti moja ya waya wa kamera itachoma ya gari, na kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi ya taa za rivasi ndiyo hiyohiyo ya geji za dashibodi. Mteja atapoteza rivasi, joto na mafuta kwa mpigo.

Kama kibanio cha kamera ni cha chuma na kimeungana na hasi yake, weka washa za plastiki. Pima kabla ya kufunga.

Rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme? Kwenye gari la zamani si lazima. Rilei ina maana pale swichi ya rivasi imechoka na volti inayofika haitoshi. Pima injini ikiunguruma: altaneta inatoa 13.8 hadi 14.4, na ukipata 11 na zaidi kwenye waya wa rivasi, acha rilei dukani. Ukilazimika kuiweka, miguu ya 85 na 86 ni koili, 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye kamera. Na vile vibanio vya buluu vya kutoboa waya msiniletee. Vinakata nyuzi na kuingiza unyevu, waya unageuka kijani ndani ya ganda lake. Unga kwa risasi, funika vizuri.

Muda unaniishia, yaliyobaki nayataja tu. Waya wa video nunua wa mita 10. Wa mita 6 unaishia kwenye tairi la akiba ukianza kupinda kona. Upitishe pamoja na nyaya za kiwandani kwenye chasisi, kifungio kila sentimita 30, mbali na ekzosi na propela, na usiufunge kwenye bomba la breki. Kwenye sakafu ya kebini pita kwenye tundu lenye mpira.

Kamera iwe kwenye bampa, juu ya namba. Ukiiweka kwenye mlango wa bodi, siku mteja akibeba mabomba mlango ukiwa chini, itamwonyesha lami, na waya utakatika pale kwenye bawaba.

Picha ikitoka bila rangi au isipotoka kabisa, huenda kamera ni ya AHD, aina ya video ya analogi yenye ubora wa juu, na redio haiijui. Hiyo si athi, nakubali. Kushoto na kulia vikibadilishana, kamera nyingi zina kijiwaya cha kitanzi cha kukata, ila soma karatasi yake kwanza, kwa sababu kingine kinaondoa mistari ya kuegeshea. Na kwa wenye Canter na Dyna za volti 24: someni lebo. Kamera ya 12 tu haitamaliza rivasi ya kwanza.

Pikapu iko hapo nje, haijaguswa. Nahitaji mmoja wa kushika mita na mmoja wa kukanyaga breki. Tuanze na nguzo ya betri.