Jinsi ya kufuatilia mtiririko wa jeni kati ya spishi mbili za inzi wa matunda

Ndugu watazamaji, leo tunafuatilia jinsi jeni zinavyovuka kati ya Drosophila pseudoobscura na Drosophila persimilis, inzi wanaopatikana pamoja magharibi mwa Amerika Kaskazini, na ambao hufanana kiasi kwamba hadi mwaka 1944 persimilis hakuwa amepewa jina lake la spishi.

Kwanza, pateni majike bikira. Ondoeni inzi wote wakubwa kwenye chupa yenye pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa inzi kamili), kisha rudini baada ya saa chache kuwachukua waliotoka punde. Wawekeni chini ya hadubini wakiwa wamelazwa kwa kaboni dioksidi: aliyetoka punde ana mwili mweupe-mweupe, mabawa yaliyojikunja, na doa jeusi linaloonekana ndani ya tumbo. Msiwe na haraka hapa, kwa sababu jike aliyekwisha pandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini, na mmoja tu akijipenyeza huharibu jaribio zima.

Pili, wawekeni majike hao pamoja na madume wa spishi ya pili. Wengi watawakataa. Mwaka 1995 mwanabiolojia Mohamed Noor alionyesha kwamba majike wa pseudoobscura wanaotoka maeneo yanayokaliwa pia na persimilis hukataa madume wa kigeni zaidi kuliko wanaotoka mahali ambapo persimilis hayupo; kwa hiyo andikeni kwenye kila chupa mahali ukoo ulikotoka.

Tatu, machotara, yaani watoto wa spishi hizo mbili, wakitoka, pasueni dume mmoja ndani ya tone la maji ya chumvi, mtoe korodani, mzipasue kwenye kioo na kuzitazama. Kwa dume wa kawaida mtaona mbegu zikijinyonganyonga kwa wingi. Kwa chotara hamtaona hata moja inayosogea. Jike chotara, kinyume chake, huzaa, kama ilivyotarajiwa na kanuni aliyoitoa mwanabiolojia J.B.S. Haldane mwaka 1922, kwamba kwa machotara, jinsia yenye kromosomu mbili tofauti za jinsia (hapa dume, mwenye X na Y) ndiyo huathirika kwanza.

Nne, mrudisheni jike huyo kwa dume wa spishi mojawapo ya wazazi. Naiona hatua hii kuwa kiini cha somo, kwa maana ugumba wa madume haujaziba njia yote. Katika mwili wa jike chotara, kromosomu za spishi mbili hubadilishana vipande, isipokuwa pale zilipogeuzwa (yaani kipande kimepinduka, mpangilio wa jeni zake ukawa kinyume), hasa kwenye kromosomu ya X na ya pili, ambako mabadilishano huzuiwa na jeni husafiri zikiwa zimefungamana. Jeni nyingi zinazoleta ugumba zimo humo humo, hivyo uteuzi wa asilia huviondoa vipande hivyo, huku sehemu nyingine zikiendelea kuvuka.

Tano, someni DNA na kulinganisha persimilis na pseudoobscura wa Amerika Kaskazini, kisha na nasaba ya pseudoobscura iliyojitenga karibu na Bogotá, Kolombia, mkimtumia Drosophila miranda kama spishi ya nje, yaani jamaa wa mbali kidogo anayesaidia kutambua mabadiliko yapi ya DNA ni mapya. Tofauti kubwa ndani ya vipande vilivyogeuzwa isiwashawishi peke yake, kwani mpangilio uliogeuzwa unaweza kuwa mkongwe kuliko mgawanyiko wa spishi zenyewe. Fanyeni hesabu bila vipande hivyo: ikiwa inzi wa Amerika Kaskazini bado wanashirikiana na persimilis mabadiliko mengi kuliko wale wa Bogotá, basi jeni zimevuka baada ya nasaba ya Bogotá kujitenga.