Maji ya Bondeni: Kutoka Bombani Mpaka Kikombeni

FURAHA: Karibuni wasikilizaji, mlioko hapa Bukavu na mlioko mbali. Mimi ni Furaha, niko na mdogo wangu Bahati, anayeniita yaya, yaani mkubwa wake. Leo ametuletea bidoni, madumu ya maji, studio.

BAHATI: Mbili tu, yaya. Nimeteka asubuhi kule chini, bonde la Kawa, kwenye bomba la chemchemi. Usiku mvua imenyesha, maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Hii moja niliiacha itulie kwa muda wa saa tatu, halafu nikayamimina polepole, nikiyachuja kwa kitambaa cha pamba nilichokikunja mara nne. Hii nyingine sikuigusa, ni tope lake vilevile.

FURAHA: Haya, natia kidonge cha klorini, kimoja huku, kimoja kule. Ni vile vya miligramu 67, kimoja kwa lita 20. Nafunga, natikisa. Tutafungua baada ya nusu saa.

BAHATI: Tukingoja, simulia yale ya chupa.

FURAHA: Mwaka jana, mwezi wa saba, kiangazi kikali, mtoto wa dada yangu aliharisha siku tano. Avenyu nzima tukasema ni bomba, mimi wa kwanza. Basi nikapata chupa tatu ndogo za kupimia, zile zenye karatasi iliyolowekwa dawa. Unajaza maji mpaka kwenye alama, unafunga, unangoja siku moja au mbili. Bakteria wanaotoka kwenye kinyesi wakiwemo, wanatoa ile hewa ya yai bovu, hidrojeni salfaidi. Hewa hiyo ikikutana na chuma kilichomo kwenye dawa, chupa inakuwa nyeusi.

BAHATI: Kwa nini chupa tatu?

FURAHA: Ya kwanza niliijaza palepale bombani. Ya pili, kwenye bidoni ilipofika nyumbani. Ya tatu, kwenye kikombe cha mtoto. Na wadudu hao wanataka joto, nasi huku juu, karibu mita 1,500, usiku ni baridi. Nikazifunga kwenye blanketi, nikaziweka pembeni ya mbabula, jiko la makaa.

BAHATI: Kulipokucha?

FURAHA: Ya bomba, njano kama nilivyoiacha. Ya bidoni, imeanza wingu la kijivu chini. Ya kikombe, nyeusi tii, kama masizi ya sufuria. Bahati, nilikaa kwenye kigoda nikaitazama ile chupa. Nilikuwa nimemnywesha yule mtoto kwa mkono wangu mwenyewe.

BAHATI: Pole sana, yaya.

FURAHA: Nikatia kidole ndani ya mdomo wa bidoni. Utelezi! Ute wa kijani umeshika ukuta mzima, na nje bidoni inang'aa kwa kuoshwa kila siku. Halafu ndoo ya maji ya kunywa: kila mtu anachovya kikombe, na vidole vinaingia pamoja nacho. Tangu siku hiyo bidoni tunatia mchanga mkavu, sabuni na maji kidogo, tunatikisa mpaka mikono inauma, tunasuuza. Na ndoo yetu ina robine chini, kibomba cha kufungulia maji, hakuna wa kuchovya.

BAHATI: Wengine watasema, basi bomba letu ni safi, tunywe.

FURAHA: Ngoja. Mwezi wa kumi mvua zimerudi, nikapima tena, na ya bomba nayo ikawa nyeusi. Tazama miteremko yetu: nyumba juu ya nyumba, choo cha jirani wa juu kiko usawa wa paa la jirani wa chini. Mvua ikinyesha, udongo unashusha kila kitu. Chupa inakuambia habari ya maji ya siku ile tu. Na hata ikibaki njano, si cheti. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli, bakteria wa kinyesi, asionekane hata mmoja kwenye mililita 100, nayo hiyo haijai hata kikombe. Kulihakikisha hilo ni kazi ya maabara.

BAHATI: Kuna mama wa Kadutu ameuliza. Amesikia kwamba kwa sababu tuko milimani, maji yanachemka kabla ya digrii 100. Je, yanakuwa salama?

FURAHA: Swali zuri sana, mama. Ni kweli, hapa yanachemka kwenye digrii kama 95. Yanatosha, wadudu wa kuhara wanakufa kabla hayajafika huko. Yaache yachemke kwa nguvu dakika moja kamili. Wanaoshauriwa dakika tatu ni walio juu ya mita 2,000. Mimi linaloniumiza ni bei ya makala, makaa ya kupikia. Na maji yaliyochemshwa yakipoa hayana mlinzi: kikombe kichafu kimoja tu, umerudi ulikotoka. Klorini inabaki ndani inalinda.

BAHATI: Na ndugu zetu wa Goma wanaoteka ziwani?

FURAHA: Kwa ufupi: maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, karibu 9, na klorini inapungua nguvu pH ikipita 8, kwa hiyo muda wa kungoja msiufupishe. Wanaokinga mvua karibu na Nyiragongo, fluoridi ya volkano, ile inayoharibu meno ikizidi, haitoki kwa klorini wala kwa kuchemsha. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki.

BAHATI: Nusu saa imefika. Nachota hii iliyochujwa kwenye kipimo, natia kidonge cha DPD, kile kinachoonyesha klorini kwa rangi... waridi! Nalinganisha na rangi za pembeni... karibu miligramu 1 kwa lita.

FURAHA: Ndipo panapotakiwa. Sasa hivi isipite 2, na kesho saa hizi ibaki angalau 0.2. Lete ya tope.

BAHATI: Natia... natikisa... Yaya, haigeuki. Hakuna waridi kabisa.

FURAHA: Klorini yote imeliwa na tope. Kidonge ni kilekile, kimetoka kwenye karatasi ileile, saa ileile. Hapa ndipo mtu anasema duka limemuuzia dawa mbovu. Anayanywa hivyohivyo, akijua ametibu.

BAHATI: Niongeze cha pili?

FURAHA: Ndiyo, maji ya tope yanatiwa viwili. Ila tulichuje kwanza hilo tope, halafu tuhesabu nusu saa upya. Kitambaa kiko wapi? Hiki?

BAHATI: Hicho bado kina tope la asubuhi. Nipe sabuni, nikifue kwa maji ya ile bidoni iliyochujwa.