Lenzi ya Jua na Lenzi ya Mawingu: Niliyoongea Mwaloni Igombe

Mi ni fundi miwani, na hii habari ya kuchagua lenzi niliiongea asubuhi pale mwaloni Igombe, Mwanza, boti za dagaa zimeshaingia, kina mama wako kwenye kuanika. Waliokaa kunisikiliza ni manahodha, wavuvi na vijana wa bodaboda. Naiweka kama nilivyosema.

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu, na mama zangu huko kwenye vichanja nawasalimu, mkisikia la kuwafaa sogeeni, maana nyie jua linawapiga kuliko hata sisi.

Naanza na hiki nilichoshika. Kaniletea kijana mmoja wa bodaboda, kakinunua kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja, mnaona kilivyo kikubwa kinafunika nusu ya uso, kina sponji pembeni na mkanda wa lastiki wa kuzungusha kichwani, yeye alijua ni miwani ya pikipiki akawa anavaa kuzuia vumbi. Hii ni miwani ya theluji. Huko Ulaya na Marekani kwenye milima yenye theluji watu wanafunga mbao mbili ndefu miguuni wanateleza kushuka mlima, mchezo unaitwa skii, na spidi yake sio ya kitoto, sasa machoni wanavaa hii. Alivyoleta kwangu ilikua na lenzi mbili kwenye kimfuko, hii nyeusi inayong'aa kama kioo kwa nje, na hii ya njano. Akaniuliza, fundi, hii ya njano kazi yake nini? Nikamwambia subiri, hilo nitalijibu mbele za watu.

Ukiangalia kwa makini hapa pembeni ya lenzi pameandikwa S3. Na hii ya njano S1. Hiyo herufi na namba ndo siri yote, inakwambia lenzi inaruhusu mwanga kiasi gani kupita. Zinaanzia 0 mpaka 4. Ya 0 inapitisha kuanzia asilimia 80 kwenda juu, yaani karibu nyeupe kabisa. Ya 1 inapitisha kati ya 43 na 80, ya 2 ni 18 mpaka 43, ya 3 ni 8 mpaka 18, na ya 4 inapitisha 3 mpaka 8 tu, hiyo ni giza, na hairuhusiwi kuendeshea chombo barabarani. Miwani ya jua ya kawaida nayo inatumia namba hizo hizo, ukikuta imeandikwa ndani ya mkono wa miwani "cat. 3" ndo hiyo hiyo.

Sasa mtu wa skii anaenda na lenzi mbili kwa nini? Kwa sababu mlimani mwanga haukai. Asubuhi jua kali, theluji nyeupe inarudisha karibu mwanga wote usoni, anavaa nyeusi. Masaa mawili baadae mawingu yanashuka, na hapo ndo hatari yenyewe, kwa sababu mwanga wa mawingu unatoka kila upande kwa pamoja kwahiyo vivuli vinapotea, na bila kivuli macho hayaoni shimo wala tuta, theluji yote inakua kama shuka moja jeupe. Mtu anaingia shimoni macho yakiwa wazi. Anachofanya anatoa nyeusi anaweka ya njano au ya pinki, inapitisha mwanga mwingi, alafu inapunguza ile rangi ya bluu ya ukungu, basi vile vitofauti vidogo vya mashimo na matuta vinarudi kuonekana.

Wazee, hiyo habari si mnaijua? (Hapa mzee mmoja akajibu "ziwa la maziwa", na kweli, sikua nimeusikia huo msemo kabla.) Ndo hiyo, ziwa la maziwa. Ile alfajiri ya mawingu baada ya mvua ya usiku, maana ziwa letu mvua zake nyingi zinapiga usiku kuamkia asubuhi, mnarudi na dagaa, maji ya kijivu, mbingu ya kijivu, huoni zinakutana wapi, wimbi huoni limeinuka mpaka limeshafika kwenye ubavu wa mtumbwi. Nahodha akivaa hapo miwani nyeusi ya S3 kwa sababu tu ameizoea, amejifunga kitambaa machoni.

Nataka niwaambie la kwangu. Nilikua kijana nafanya kazi kwenye boti ya mtu, tunatoka visiwani tunarudi upande wa Kayenze, jioni. Nilikua nimenunua miwani nyeusi tii, naipenda, mchana kutwa imenisaidia sana kwenye lile jua la maji, na mi ndo nimeshika usukani kwa sababu mwenye boti kalala. Jua likazama. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua huku linashuka wima, halilali pembeni kama huko Ulaya ambako jioni inavutwa muda mrefu, huku dakika 20 tu unatoka kwenye mwanga unaingia kwenye giza. Sikuvua. Macho yanazoea pole pole, wewe mwenyewe hujui kama umeanza kupofuka, unaona tu jioni imekua nzuri imetulia. Nikasikia mbao inalia. Nikavua miwani, na mwamba ulikua pale pale mbele yangu mweupe kabisa kwa kinyesi cha ndege mnandi, mweupe kama umepakwa chokaa, mtu yeyote mwenye macho matupu angeuona kutoka mbali. Ubao mmoja ulipasuka, tukatoa maji kwa ndoo mpaka nchi kavu, hakufa mtu. Lakini ule weupe wa ule mwamba sijausahau, na ndo maana leo nimekuja.

Kwahiyo kwa nahodha ushauri wangu ni huu, mchana wa jua chukua namba 3, rangi ya kijivu au ya kahawia. Kijivu haibadilishi rangi za vitu, kahawia inaongeza utofauti kidogo, mi mwenyewe napenda kahawia. Mawingu na alfajiri chukua namba 1, njano au chungwa hafifu. Jua likigusa maji, vua nyeusi, usisubiri lizame. Namba 4 waachie wa milimani, hata wanaopanda Kilimanjaro kule kileleni mita 5,895 ndo inawafaa, ziwani hapana.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi na watu wengi wanalichanganya, wauzaji nao wanalichanganya. Weusi wa lenzi na kinga ya mionzi ya UV ni vitu viwili tofauti. UV ni sehemu ya jua ambayo jicho haliioni lakini inaliunguza. Kuna dawa ya kuizuia inawekwa kwenye lenzi au malighafi ya lenzi yenyewe inaizuia, na hiyo dawa haina rangi, lenzi nyeupe pee inaweza kuzuia yote na lenzi nyeusi ikapitisha. Na ikipitisha ni mbaya kuliko kutovaa, kwa nini, kwa sababu mboni ikiwa kwenye giza inafunguka, mlango umeufungua wewe mwenyewe alafu adui yuko nje. Unachotafuta ni maandishi UV400, mana yake inazuia mionzi ya UV mpaka yenye urefu wa wimbi wa nanomita 400.

Theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya UV, ndo maana watu wa skii wakizembea wanapata upofu wa theluji, jicho linaungua kama ngozi, masaa kadhaa baadae mtu anahisi kama katiwa mchanga machoni. Maji ya ziwa yanarudisha chini ya asilimia 10, povu la mawimbi kama 25, mchanga mkavu kama 15. Kwahiyo sisi tumepona? Hapana. Sisi inatushukia kutoka juu, tuko karibu na ikweta, tena Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mawingu mepesi hayaizuii vya kutosha. Na sisi hatukai juani siku saba za likizo kama wao, tunakaa juani miaka 30. Angalianeni machoni hapo mlipo. Kale kanyama kanakotambaa kutoka upande wa pua kuja kwenye mboni, kana mishipa myekundu, nawaona hapa zaidi ya watatu, hako kanaletwa na jua, upepo na vumbi. Na mtoto wa jicho nae jua linachangia kumkaribisha. Mzee mwenye kanyama kameshagusa kile cheusi cha jicho asikae na mimi, aende hospitali akaonane na daktari wa macho, mi ni fundi miwani tu.

Polaraizi. Hili mnaniuliza sana. Jua likiwa chini linapiga maji linarudi limelala, ule mng'ao unaokufanya ufumbe macho, lenzi ya polaraizi inaukata ule uliolala na kuacha mwingine upite, ghafla unaona ndani ya maji, jiwe, kamba ya nyavu, magugu. Kwa mvuvi ni kitu kizuri mno na kama pesa ipo mi ningesema nunua. Ila watu wengine wa skii hawaitaki, kwa sababu ule mng'ao ndo unawaonyesha wapi pana barafu ya kuteleza. Na nahodha anayeangalia ramani kwenye simu ajue kwamba akigeuza simu upande fulani kioo kinaweza kuwa cheusi kabisa. Hapo hapo ndo pa kupimia, muuzaji akikwambia hii polaraizi mwambie washa simu, itazame kupitia lenzi, alafu zungusha miwani pole pole. Simu nyingi zitafifia au zitakua nyeusi sehemu moja. Isipobadilika, jaribu na simu nyingine kabla hujatoa hela.

Zile zinazojibadilisha zenyewe, fotokromiki, ni nzuri kwa kutembea mjini. Kwenye joto hazikolei vizuri, na kurudi nyeupe zinachukua dakika kadhaa, na jioni yetu nimeshawaambia ina dakika ngapi.

Vijana wa boda, njano usiku hapana. Najua wanaiuza kama miwani ya usiku. Njano inasaidia kwenye mawingu ya mchana ambako mwanga upo, usiku mwanga ni mdogo tayari na lenzi yoyote ya rangi inapunguza huo huo mdogo. Usiku kwa vumbi na wadudu vaa nyeupe isiyo na rangi, ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, haivunjiki ovyo hata jiwe la tairi la lori likiruka. Na hii ya skii sponji yake imetengenezwa kwa baridi, na kila lenzi ni tabaka mbili zimebandikwa na hewa katikati ili pumzi isigande ukungu, juani hapa utatoka jasho mpaka uione ni adhabu.

Nimekuja na tochi, hii ya kukagulia noti ambayo wakala wa pesa anayo, inatoa UV. Nani ana elfu kumi? Haya. Namulika noti, mnaona alama zinawaka. Sasa naweka lenzi katikati ya tochi na noti. Alama zikizimika, lenzi inazuia. Zikiendelea kuwaka, inapitisha. Msiimulike machoni.

Tulipima miwani 14. Ya kijana mmoja ya elfu tano ilizuia vizuri, nikafurahi, maana bei peke yake haisemi kitu. Alafu mzee aliyesema ziwa la maziwa akatoa yake, nyeusi, nzito, amevaa nayo ziwani miaka sita. Nikamulika. Noti ikawaka kama hakuna kitu katikati. Akaniambia rudia, nikarudia. Nikachukua ile lenzi ya njano ya mitumba, ambayo unaona mpaka vidole vyangu nyuma yake, nikaiweka pale pale, noti ikazima. Mzee akaichukua, akaitazamisha ziwani akiwa amefumba jicho moja, akauliza kama naweza kuikata iingie kwenye fremu yake. Nikamwambia niachie fremu mpaka Jumamosi, nione kama mkunjo wake utakubali.