Noah au Prado? Kwanza Hesabuni Mikanda

(Mazungumzo na wazazi, Malindi, baada ya swala ya Alasiri)

Assalamu alaikum, na wote hamjambo. Walioko nyuma sogeeni mbele, humu ndani hamna tuktuk ya kuwagonga.

Nimeitwa kujibu swali moja, nalo ni lile lile ninaloulizwa gereji, msikitini, sokoni, hata juzi matangani maiti hajafikishwa kaburini: "Fundi, kwa familia ninunue Noah au Prado?" Na mimi huuliza: una watoto wangapi? Wanne. Mama yako mnaishi naye? Naam. Basi mko saba. Hilo gari ulilolipenda lina mikanda mingapi? Hapo kimya. Rangi anaijua, redio ameshaijaribu, mikanda hajaihesabu.

Nina kisa, na waliokwisha kukisikia wanivumilie. Bwana mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliniletea Noah aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akibeba wanafunzi. Bei nzuri, injini imetulia, hata mimi niliisifu. Nikavuta mlango wa kuteleza, nikainua zulia la nyuma. Kiti cha tatu cha kiwandani hakipo! Pale pana benchi la mabomba ya mraba, limechomelewa na fundi wa mtaani, juu sponji na rexine nyekundu iliyoshonwa vizuri kwelikweli. Mshonaji nampa haki yake. Miguu ya benchi imefungwa kwa bolti nne kwenye bati la sakafu. Nikaingia chini ya gari na tochi: hakuna hata kipande cha chuma cha kushikilia zile bolti, ni bati tupu, na kutu ya hewa yetu ya chumvi imeshaanza kulila. Nikatoka, nikalishika benchi kwa mikono miwili nikalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Mikanda je? Ilikuwepo! Tena mipya. Imefungwa kwenye benchi lenyewe. Maana yake benchi likiruka, watoto wanaruka nalo hali wamefungwa barabara.

Yule bwana akaniambia, "Lakini fundi, mikanda si ipo?" Ndiyo, ipo, na polisi akichungulia ataiona. Tangu zile sheria za barabarani za waziri Michuki za 2004, mkanda kwetu umekuwa kitu cha kumwonyesha polisi. Tukikiona kizuizi tunauburuta begani, tukishapita tunauachia. Mkanda wa kiwandani haukushikizwa tu popote. Umefungwa kwenye nguzo ya bodi na kwenye sehemu ya sakafu iliyotiwa chuma cha ziada, kwa sababu yule aliyeuchora alipiga hesabu ya mzigo utakaouvuta.

Na tuipige hesabu hiyo hapa. Mtoto wa kilo 10, gari liko mwendo wa 50, si mbio hizo, ni mwendo wa kupita Gede. Gari ligonge kitu lisimame ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtoto yule atavuta kama kilo 140. Ni mifuko mitatu ya saruji kasoro kidogo. Sasa mama aniambie, "Mimi nampakata, simwachii." Mama, mapenzi yako siyatilii shaka. Lakini mifuko mitatu ya saruji hujapata kuipakata, na hutaipakata siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu, na kwa watoto wachanga kile kiti chao maalumu kinapunguza vifo kwa zaidi ya theluthi mbili. Kwa hiyo ukikagua gari, ingiza vidole pale mgongo wa kiti unapokutana na makalio yake. Ukigusa vyuma viwili vidogo vilivyojificha, hapo ndipo kiti cha mtoto kinaponasa. Usipovigusa, kitafungwa kwa mkanda. Si neno, mradi kisicheze.

Naona mwenye Prado pale anatabasamu, anadhani mimi nasema na watu wa Noah. La, yakhe. Kuna Prado za viti vitano na kuna za viti saba. Ukinunua ya viti vitano nanyi mko saba, wawili wanakwenda kukaa kwenye buti pamoja na mkungu wa ndizi, tena kwenye gari la bei kubwa. Na hiyo ya viti saba, ukikiinua kile kiti cha nyuma, nafasi ya mizigo inabaki ya kuwekea viatu. Basi mizigo inapandishwa kwenye keria juu ya paa. Na hapo ndipo tunapokwenda kinyume na wazee wetu.

Nahodha wa jahazi farumi, yale mawe ya kutuliza chombo, anaiweka wapi? Chini kabisa, ngamani. Hamjapata kumwona mtu anatweka mawe mlingotini. Gari la juu kama Prado tayari uzito wake uko juu. Kinachozuia gari kupinduka ni upana wa magurudumu ukilinganishwa na kimo cha ule uzito. Mapana yakizidi, salama, kimo kikizidi, taabu. Wewe unaongeza magunia mawili ya nazi darini, kisha ng'ombe anakatiza pale Gongoni, unakata usukani ghafla...

Lakini msinipigie makofi nyinyi wa Noah. Zile makala za Marekani mnazotumiana kwenye WhatsApp, kwamba gari la familia lenye milango ya kuteleza halipinduki kirahisi, zinazungumzia Sienna na Odyssey, magari mapana kama mita mbili, yamekaa chini. Noah yetu ilitengenezwa ipite vichochoro vya Japani, ambako gari likizidi mita 1.7 kwa upana linahamia daraja jingine la usajili. Kwa hiyo Noah ile iliyotoka 2014, ya kawaida, ina upana wa mita 1.695 na kimo cha zaidi ya mita 1.8. Ni kabati lenye magurudumu! Ukiikatisha kona kwa mwendo wa 110, msimsingizie shetani.

Mtu ataniambia: "Fundi, gari zito ndilo linalopona." Kweli, likigongana na jepesi. Lakini barabara yetu ya kwenda Mombasa kilomita kama 120 mnakutana na nani? Malori ya chumvi kutoka Marereni. Mbele ya lori lile Prado na Noah ni ndugu wa tumbo moja. Kinachokusaidia ni breki, tairi, na ile kompyuta inayozuia gari kuteleza. Hiyo ya mwisho itafuteni kabla ya kutoa pesa: kwenye dashibodi pana alama ya kigari chenye michirizi miwili nyuma. Washa swichi, iwake, kisha izime. Na taa ya mifuko ya hewa vivyo hivyo. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozimika, maana kuna wauzaji wanaoitoa balbu.

Wa Marafa na Langobaya, najua mtasema njia zenu hazipitiki kwa Noah. Masika, nakubali. Kama unaishi huko mwaka mzima, nunua gari la juu wala usiniombe ruhusa. Kama unakwenda mara mbili kwa mwaka kuzika na kuozesha, panda la mwenzio.

Gharama, upesi upesi, naona Magharibi inatukaribia. Kwa magari ninayoyashika mimi, Noah ya petroli safari ndefu inakwenda kilomita 12 kwa lita. Prado ya petroli ya cc 2700 kama 8. Mombasa na kurudi ni lita 20 kwa 30, pigeni wenyewe. Tairi za Prado, breki zake, shokomzoba zake, kila kitu ni kikubwa na bei yake ni kubwa. Bima inafuata thamani ya gari, sina haja ya kueleza. Dizeli nilitaka kuizungumzia, basi, siku nyingine.

Tairi siziachi. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya duara refu. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Msitazame meno peke yake. Jua letu linaukausha mpira hata gari likilala uani. Wiki iliyopita nilimtoa mtu tairi yenye meno kama mpya, ina miaka kumi na moja, ubavu una nyufa za kuingiza ukucha.

Maswali baadaye. Nje nimehesabu magari tisa, na tochi ninayo. Tuanze na lile lenye benchi jekundu.